Mkono Unakufa Ganzi Saa Nane za Usiku, na Mazoezi Yameniongezea Maumivu

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni fundi wa kushona hapa Ngamiani, Tanga. Nina miaka 44, na huu ni mwaka wa 22 tangu nishike cherehani. Nashona magauni, madera, mashati, lakini kinachonilisha hasa ni sare za shule. Kuanzia Novemba mpaka shule zinapofunguliwa Januari, kwangu hakulaliki.

Msimu uliopita, katikati ya hizo sare, ndipo mkono wa kulia ulipoanza vituko. Nalala vizuri, ikifika saa nane hivi za usiku naamka mkono umekufa ganzi, kisha ganzi inageuka moto na sindano sindano. Naukung'uta kama mtu anayekausha maji, nauning'iniza nje ya kitanda mpaka urudi. Kidole gumba, cha shahada na cha kati ndivyo vinavyonitesa. Cha pete nusunusu. Kile cha mwisho hakina neno kabisa, na hilo ndilo linalonishangaza. Nikishaamka najiendea zangu msalani na kunywa maji, maana siku hizi kwa usiku mmoja naamka kukojoa mara mbili au tatu na kiu haikatiki. Joto la Tanga unalijua.

Mchana nako kumeanza kuharibika. Pini siziokoti. Uzi ananitungia binti ninayemfundisha kazi, na watoto wa siku hizi wana midomo, ameshaanza kuniita bibi. Juzi mkasi umeniponyoka mkononi ukanikosa mguu kidogo. Halafu hii nyama iliyo chini ya kidole gumba, ya kulia naiona kama imebonyea kuliko ya kushoto, au labda ni macho yangu.

Zahanati walinipa vidonge vya maumivu na vya vitamini. Havikusaidia. Mama mkwe anasema mkono umeangaliwa, kuna mtu kaonea wivu sare zangu, amenisomea dua na kunifunga uzi mweusi. Mume wangu anasema ni umri. Mwishowe nikaenda hospitali, nikakutana na kijana wa fizio, wale wa tiba ya viungo, mpole, akanigongagonga kwenye kifundo, umeme ukapiga mpaka vidoleni. Akasema mshipa wa fahamu umebanwa pale kwenye kifundo cha mkono. Akanipa karatasi yenye michoro sita ya mkono: unaanza umekunja ngumi, unamalizia kidole gumba unakivuta kwa mkono wa pili. Alinionyesha mara moja tu, foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu. Akasema kila mchoro mara tano, mara tatu kwa siku.

Mwalimu, mimi ni mtu wa kazi. Nikasema mara tano ni za wavivu, nikafanya ishirini. Mtoto wa dada yangu akanitumia video, yule bwana kwenye video ananyoosha mkono wote pembeni kama anasimamisha daladala, anapinda kiganja nyuma, shingo anailaza upande wa pili, anasema vuta mpaka uusikie umeme, hapo ndipo mshipa unafunguka. Nikafuata. Siku ya nne maumivu yakapanda mpaka begani, na ganzi sasa inanijia hata mchana nikiwa nimekaa tu.

Naomba unijibu. Kweli mazoezi yanaweza kuufungua mshipa uliobanwa, au tunadanganyana? Niendelee au niache? Na wakisema nipasuliwe nikubali? Jirani yangu alipasuliwa mkono huo huo na mpaka leo kidole gumba hakina nguvu. Mkono huu ndio duka langu.

Fundi wa Ngamiani

*

Marahaba fundi, na pole sana kwa usiku.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma ulichouliza. Mara ya pili nikasoma ulichokitaja kwa kupitia tu, kama yule mteja anayekumbuka kukwambia kuwa gauni ni la mjamzito akiwa ameshafika mlangoni. Nitakujibu yote, lakini hayo ya mlangoni usiniache kabla hujayafikia.

Tuanze na ulichouliza. Acha mazoezi hayo leo. Siyo moja kwa moja. Siku nne au tano, mpaka bega litulie na ganzi ya mchana iondoke. Kijana wa hospitali hakukosea kukupa ile karatasi. Hata kule kukugongagonga kuna historia yake: kipimo hicho kinabeba jina la Jules Tinel, daktari Mfaransa aliyekieleza mwaka 1915 alipokuwa akitibu askari waliojeruhiwa neva, yaani mishipa ya fahamu, vitani. Na ile michoro sita ilichapishwa Marekani mwaka 1991, imezunguka hospitali za dunia nzima tangu hapo. Kosa ni kwamba foleni ilimnyima muda wa kukwambia jambo moja ambalo bila hilo karatasi inakuwa hatari kwa mtu mchapakazi kama wewe: neva si msuli. Msuli unapenda kunyooshwa. Neva haitaki kuvutwa, inataka kuteleza.

Wewe ni fundi, kwa hiyo nitakueleza kwa nguo. Chukua suruali ya kulalia yenye kigwe kiunoni. Kigwe kinapita ndani ya nefe. Ukishika ncha ya kulia ukavuta, huku ncha ya kushoto umeilegeza, kigwe kizima kinasogea ndani ya nefe bila kubana mtu. Ukishika ncha zote mbili ukavuta kwa pamoja, kigwe hakiendi popote. Kinakaza tu, na kiuno kinaumia.

Mshipa wako wa fahamu ndicho hicho kigwe. Unaanzia shingoni, unapita kwapani, unashuka kwa ndani ya kisugudi, unafika kwenye kifundo cha mkono, na hapo ndipo kwenye nefe yake. Sakafu na kuta za nefe hiyo ni mifupa midogo minane, na paa lake ni utepe mgumu uliokatiza chini ya kiganja. Ndani ya nafasi hiyo nyembamba zinapita kano tisa zinazokunja vidole, pamoja na mshipa huo mmoja. Kano zikivimba kidogo kwa kazi, paa halinyanyuki, na anayeumia ni yule mlaini kuliko wote. Kidole chako cha mwisho hakina neno kwa sababu kinahudumiwa na neva nyingine isiyopita katika nefe hiyo, na kidole cha pete kinagawana neva zote mbili, ndiyo maana ukakiita nusunusu. Umejieleza vizuri kuliko wagonjwa wengi niliowaona katika miaka yangu ya kazi. Baridi yabisi haichagui vidole namna hiyo.

Sasa yule bwana wa video. Mkono umenyooka, kiganja kimepinda nyuma, shingo imelala upande wa pili: amekushikisha kigwe ncha zote mbili akakwambia vuta. Na mchoro wa sita wa karatasi, ule wa kuvuta kidole gumba, nao unaongeza mvuto, wewe ukaufanya mara ishirini. Mwaka 1973 watafiti wa Sweden walivuta neva za sungura wakaangalia mishipa yake midogo ya damu. Neva ilipoongezwa urefu kwa asilimia 8 tu, damu ilianza kusuasua. Ilipofika asilimia 15, ilikaribia kusimama kabisa. Neva ambayo tayari imebanwa na ina njaa ya damu, ukiifanyia hivyo mara ishirini, mara tatu kwa siku, itapiga kelele mpaka begani. Umeme ule haukuwa mshipa kufunguka. Ulikuwa unalalamika.

Kuteleza ndiko tunakokutafuta. Watafiti wa Australia mwaka 2007 walipima kwa mikono ya maiti na kuona kwamba zoezi la kulegeza ncha moja huku ukivuta nyingine husogeza neva pale kwenye kifundo karibu mara mbili ya zoezi la kuvuta ncha zote, tena kwa mkazo mdogo. Yaani ukifanya kivivu unapata zaidi. Najua kwa mtu wa kazi maneno hayo ni machungu.

Utakapoanza upya, kaa kwenye kiti, mabega yameshuka, mkono uko karibu na mbavu, kisugudi umekikunja, kiganja kimeelekea juu. Kunjua kisugudi taratibu kwenda mbele, na unapokikunjua, kiganja kilegee kijikunje kidogo kwa ndani, kuelekea kwako. Kisha rudi: kunja kisugudi, na unapokikunja, kiganja kiinuke nyuma kidogo kama unamwambia mtu asimame. Ncha moja inakaza, nyingine inalegea. Usishikilie popote, usihesabu sekunde, ni mwendo tu, kama kanyagio la cherehani ya miguu linavyopanda na kushuka. Mara tano hadi kumi, asubuhi, mchana na jioni. Katika karatasi yako baki na michoro mitatu ya mwanzo, hiyo mingine ifiche. Ukisikia mnyong'onyeo kidogo unaoondoka ukiacha, sawa. Ganzi ikibaki baada ya kuacha, ulikwenda mbali. Kesho punguza urefu wa mwendo, si idadi peke yake. Mara tano za yule kijana hazikuwa za wavivu.

Je, tunadanganyana? Hapa nikupe ukweli wa mtu aliyekula chumvi nyingi katika kazi hii. Mazoezi haya hayaufungui mshipa. Utepe ule haulegei kwa mazoezi. Wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, walipokusanya tafiti zilizokuwapo mwaka 2012 kuhusu mazoezi na kuchezesha neva kwa ugonjwa huu, walisema ushahidi ni kidogo na ubora wake ni wa chini sana. Kwa upande mwingine, Hispania mwaka 2015 walichapisha utafiti wa wanawake 120, nusu wakapasuliwa, nusu wakatibiwa kwa mikono ya mtaalamu wa fizio. Baada ya miezi sita na baada ya mwaka makundi hayo mawili yalikuwa sawa kwa maumivu. Lakini ona: mikono ya mtaalamu, kuanzia shingoni mpaka kiganjani, pamoja na mazoezi ya nyumbani. Siyo karatasi peke yake, na siyo simu ya mtoto wa dada. Mimi mwenyewe nimewapa wagonjwa mazoezi haya kwa miaka mingi na ningewapa tena, ila sijawahi kumpa mtu mazoezi nikamwacha alale amekunja kifundo.

Maana kazi kubwa inafanyika usiku. Mwaka 1880 daktari mmoja wa Boston, James Putnam, aliandika habari za wagonjwa 37, wengi wao wanawake, waliokuwa wakiamshwa usiku na ganzi ya mikono, wakaipoza kwa kuikung'uta au kuining'iniza nje ya kitanda. Umejiona hapo? Miaka 101 baadaye, mwaka 1981, Dk. Richard Gelberman na wenzake wa Marekani waliingiza mrija mwembamba ndani ya nefe hiyo wakapima mgandamizo. Kwa watu wazima wa afya, kifundo kikiwa kimenyooka, walipata wastani wa 2.5 kwa kipimo cha zebaki, kile kile cha presha. Kwa wenye ugonjwa wako, 32. Wagonjwa hao walipokunja kifundo kwa ndani ikapanda mpaka 94, na walipokipinda nyuma, 110. Sasa wewe unalala umekunja mkono chini ya shavu kama mtoto mchanga, na wengi wetu tunalala hivyo. Saa nane ya usiku mshipa umeshabanwa saa nne mfululizo.

Kwa hiyo tafuta banzi la kifundo cha mkono. Maduka ya vifaa tiba yanauza zile za kitambaa zenye kipande cha bati ndani. Kabla hujaivaa, litoe lile bati uliangalie: mengi yamepindwa nyuma kutoka kiwandani, kwa ajili ya watu walioteguka. Linyooshe kwa mkono mpaka liwe karibu bapa, kifundo kisiende mbele wala nyuma. Kama dukani bei imekushinda, idara ya fiziotherapia inaweza kukutengenezea la plasta. Vidole vyote viwe huru, usikaze mikanda. Na kwa joto la Tanga, jishonee soksi ya pamba ya kuvaa chini yake, hilo halihitaji fundi mwingine. Vaa kila usiku kwa majuma sita bila kuruka. Juma la kwanza utalichukia, wengine hulivua usingizini bila kujijua. Asubuhi ukilikuta sakafuni, usiku unalivaa tena.

Mama mkwe mwache asome dua zake. Dua na banzi vinalala kitanda kimoja bila kugombana. Ila ule uzi mweusi kama ameufunga pale pale kwenye kifundo, mwombe kwa heshima auhamishie juu ya kisugudi. Pale kifundoni hatutaki kitu chochote cha kubana.

Mkasi. Umesema umekuponyoka lakini hukusema ni mkasi gani, na mimi nawajua mafundi: ni ule mzito wa chuma wa kurithi, na umeshakuwa butu. Mkasi butu unakula kiganja kuliko saa nane za kukanyaga cherehani. Upeleke ukanolewe. Kitambaa cha sare usikikate mikunjo sita kwa mpigo. Kata miwili, mitatu, hata kama safari zinaongezeka. Meza ya kukatia iinue mpaka ufike bila kupinda kifundo, na kama unakatia chini sakafuni, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kumkabidhi binti. Kama bado unatumia pasi ya mkaa, mpe mume wako. Amesema ni umri, basi aone umri unavyonyanyua pasi.

Sasa ya mlangoni.

Umeandika kuwa unaamka kukojoa mara mbili tatu na kiu haikatiki, ukaisingizia Tanga. Fundi, Tanga ilikuwa na joto hata ulipokuwa na miaka 30. Watu wenye kisukari hupata kubanwa kwa mshipa huu mara nyingi zaidi kuliko wengine, na wako waliogundulika sukari kwa sababu mkono ndio uliowapeleka hospitali. Sisemi unayo, siwezi kukupima kwa barua. Nasema kesho asubuhi, kabla ya chai, nenda zahanati yoyote ukapimwe sukari. Ni tone moja la damu. Ukifika hospitali kubwa waombe pia wakuangalie tezi ya shingo, maana ikilegea nayo huleta ganzi hii hii, na kwa wanawake wa umri wako si jambo geni. Sukari ikiwa juu na haikushughulikiwa, banzi na mazoezi vitakuwa kama kushona nguo ambayo mtu bado anaichana upande wa pili.

La pili ni ile nyama chini ya kidole gumba. Macho yako hayajakosea, mimi naamini macho ya mtu anayeona mshono uliopotoka nusu milimita. Weka viganja vyote viwili mezani, vimeangalia juu, mchana kwenye mwanga wa mlango, umwambie binti aangalie bila kumwambia upande upi. Kisha jaribu kukielekeza kidole gumba juu, kuelekea darini, huku binti akikisukuma chini kwa kidole chake kimoja. Kama cha kulia kinashindwa mapema kuliko cha kushoto, na nyama kweli imebonyea, basi mshipa umeshaanza kupoteza waya zinazoendesha msuli, sio zile za hisia tu. Kuponyoka kwa mkasi na pini zisizookoteka vinaelekea huko huko.

Hapo hesabu inabadilika. Kwa mtu anayeamka usiku tu na mchana yuko salama, mimi humwambia: majuma sita ya banzi, mazoezi ya kuteleza, punguza mkasi, tuonane. Kwa mtu ambaye msuli umeanza kupungua simwambii asubiri majuma sita. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, mwambie daktari maneno haya haya: msuli wa kidole gumba unapungua na ninaangusha vitu. Omba rufaa ya kupimwa mwendo wa neva kwa mashine. Wanakuwekea vijiti vya umeme mdogo, unashtuka kidogo, wanapima umeme unachukua muda gani kuvuka kifundo. Kipimo hicho hakipo kila mahali, huenda ukaambiwa usafiri mpaka hospitali ya KCMC Moshi au Dar es Salaam. Nauli ni ghali, najua, ila linganisha na msimu mmoja wa sare.

Kuhusu kupasuliwa, jirani yako amekutisha na ninamwelewa. Daktari hakati mshipa. Anakata ule utepe wa paa, nefe inafunguka, kigwe kinapumua. Mara nyingi ni ganzi ya mkono tu, uko macho, na yenyewe haizidi nusu saa. Nyuzi zinatolewa baada ya wiki mbili hivi, kovu linauma ukiegemea kiganja kwa majuma kadhaa, na nguvu ya kubana mkasi inachukua miezi kurudi, kwa hiyo kama itafika huko, usipange Novemba. Ganzi ya usiku mara nyingi ndiyo ya kwanza kuondoka. Ila msuli ulioliwa kwa miaka huwa haurudi wote hata paa likifunguliwa vizuri, na nadhani hicho ndicho kilichomkuta jirani. Muulize alikaa na ganzi muda gani kabla ya kukubali. Sitashangaa akikwambia miaka.

Iko pia sindano ya steroidi inayochomwa pale kifundoni. Inatuliza kwa majuma, wakati mwingine miezi, kisha wengi hurudiwa. Kama sukari yako iko juu mwambie daktari kabla hajakuchoma, kwa sababu dawa hiyo huipandisha kwa siku kadhaa. Vidonge vya maumivu ulivyopewa zahanati viache, umeshaona havina kazi hapa na tumbo lako halijafanya kosa lolote.

Basi kesho ni sukari, na usiku huu huu, kabla hujapata banzi, funga kifundo kwa kanga uliyoikunja mara nyingi ikawa nene, isibane, ikuzuie tu kukunja mkono chini ya shavu. Rudi pia kwa yule kijana mpole, siku foleni ni fupi, ukamwonyeshe unavyoyafanya mazoezi yako mbele ya macho yake. Mwambie na habari za video, usimwogope. Halafu niandikie binti alisema kiganja kipi kimebonyea.

Mwalimu wa Viungo